Mstari Usioguswa

Alhamisi, 21 Januari 1999

Leo kazi yangu ya ukarani imekuwa kupaka rangi. Bwana Severini, mratibu wa mradi wetu, amenitoa kwenye taipureta akisema mwandiko wangu unamshinda fundi wa vibao wa pale sokoni. Nikachukua ubao, brashi na kopo la rangi nyeusi, nikakaa nyuma ya ofisi kando ya lile trekta bovu la enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, nikaandika: MSTARI WA KULINGANISHA. USIGUSE. Herufi zote zimesimama wima.

"Safi sana, Tabitha," akasema. "Wewe utafika mbali."

Nimefurahi mpaka nimejiona mjinga. Nipo kwenye mkataba wa majaribio hadi mwisho wa Aprili, na Nachingwea hii haina ofisi nyingi zinazotafuta karani anayejua Kiingereza. Neno zuri la mratibu silidharau.

Kibao kinakwenda Chinongwe, upande wa Ruangwa, shambani kwa mama mmoja anayeitwa Hafidha. Mradi unapima njia za kupambana na kiduha, lile gugu linaloua mtama. Sehemu kubwa ya shamba lake itatunzwa kama tunavyofundisha: samadi, kunde kati ya mtama, na kung'oa kiduha kabla hakijachanua. Kipande kimoja kirefu kitaachwa kama kilivyo ili tofauti ionekane. Hicho ndicho tunachokiita mstari.

Jumatano, 3 Februari

Leo nimefika Chinongwe kwa mara ya kwanza. Lukumani, dereva wetu, ameendesha pikapu huku akinihadithia kila daraja lililowahi kumkwamisha, na yanaonekana ni yote.

Bwana Severini anajua kufundisha, sharti nikiri. Alisimama katikati ya wakulima, akachota vumbi kidogo kwenye kiganja, akalipuliza. "Mbegu za kiduha ni ndogo kuliko hivi," akasema. "Ua moja jekundu, zuri, linamwaga mbegu msizoweza kuzihesabu. Zinalala ardhini mpaka mtoto uliyembeba mgongoni aoe. Zikisikia mzizi wa mtama zinaamka, zinaunyonya chini kwa chini. Ukija kukiona kiduha juu, mtama umeshaliwa. Sasa ufanye nini?"

"Uking'oe kabla hakijachanua!" wakaitikia wote kama madrasa.

"Kikishachanua?"

"Umechelewa!"

Mwili ulinisisimka. Nikawaza: hii ndiyo elimu.

Halafu tukasimika kibao changu. Mama Hafidha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikizunguka kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Kwa hiyo hiki kipande nisikipalilie kabisa?"

"Kabisa, mama," akasema Bwana Severini.

"Na kiko njiani. Watu wakipita watasema Hafidha amekufa, au ameachwa."

Watu wakacheka. Jirani yake wa bondeni, Mzee Harithi, akadakia: "Wale wa karanga walikuja na matrekta. Hawa wamekuja na kibao. Afadhali, kibao hakinywi dizeli."

Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nimerudi nikiwaona watu hawa hawana shukrani, na Mama Hafidha nimemwona mkaidi. Anapewa samadi ya bure na mbegu ya bure, halafu analalamikia kipande kimoja.

Ijumaa, 12 Februari

Hakuna mvua. Utepe wa taipureta umeisha.

Jumatano, 24 Februari

Kiduha kimetoka. Sikuwahi kukiona. Nilidhani gugu la kutisha litakuwa na miiba. Kumbe ni kitu kidogo, laini, hakifiki magotini, kimekaa chini ya mtama kama kifaranga chini ya mama yake. Kwenye mstari wetu mtama umeanza kujikunja majani kama una kiu, na ardhi ina unyevu. Kwingineko shambani Mama Hafidha amekwisha kung'oa, na mtama umenyooka.

"Unaona?" Bwana Severini akanipiga picha nikiwa nimesimama mpakani. "Hii picha peke yake ni awamu ya pili ya mradi."

Mgeni wa wafadhili anakuja tarehe 12 Machi kuona kwa macho yake. Mstari usiguswe mpaka aondoke.

Mama Hafidha akauliza kama kiduha kitakuwa hakijachanua siku hiyo.

"Kitakuwa bado," akasema Bwana Severini. "Akishaona tu, ng'oeni siku hiyo hiyo. Nawaahidi."

Mama Hafidha akakubali kwa kichwa. Mzee Harithi naye alikuwapo. Shamba lake liko chini ya shamba la Hafidha, na maji ya mvua yote hupita kwake kwenda mkondoni. Leo hakutania hata kidogo. Alimtazama tu Bwana Severini usoni, kama mtu anayekariri sura.

Alhamisi, 11 Machi

Simu ya upepo kutoka Dar es Salaam: mgeni haji kesho. Kivuko cha Rufiji hakifanyi kazi, barabara imekatika. Atakuja tarehe 26.

Mtu yeyote wa kusini, hata wa darasa la tatu, anajua kwamba masika barabara hufungwa. Nani aliyepanga safari ya gari mwezi Machi? Nimeuliza hivyo, lakini hapa kwenye karatasi tu. Ofisini nimesema, "Sawa, bwana."

Nikauliza kwa upole kama niwapelekee watu wa Chinongwe ujumbe kwamba wang'oe. Bwana Severini akanitazama kama nimetukana.

"Tabitha, tusichezee data."

Jumanne, 16 Machi

Nina hasira na sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Asubuhi Mama Hafidha ameingia ofisini. Amekuja kwa lori la mbao kutoka Ruangwa, kanga zimejaa unga wa msumeno. Mkononi ameshika kiduha kimoja, amekifunga kwenye jani la mgomba. Alipofungua, ua lilikuwa limechanua. Jekundu kama tone la damu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Namtaka mratibu."

Mratibu alikuwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilipoingia kumwambia, aliweka kidole mdomoni, akanong'ona: "Mwambie nimekwenda Nambambo, shambani kwangu."

Nikatoka. Nikasema, "Amekwenda Nambambo."

Mama Hafidha aliutazama mlango. Chini yake viatu vya Bwana Severini vilikuwa vinaonekana. Viatu vyeusi, vimeng'arishwa. Aliviona. Mimi pia niliviona, na yeye akaona kwamba nimeviona.

"Haya," akasema. "Akirudi kutoka Nambambo, mwambie ua ndiyo hili. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba likitoka tumechelewa. Mie sikusoma, nimejifunza kwake. Sasa nimwamini wa Februari au wa Machi?"

Nikamwuliza kwa nini asing'oe tu, shamba ni lake.

"Kile kibao kimesimikwa kwa jina la serikali, mwanangu. Nimetia dole gumba mbele ya mtendaji kwamba sitagusa. Mtendaji amesema nikigusa, samadi na mbegu za kijiji kizima zinakatwa. Ningekuwa peke yangu ningekwisha ng'oa zamani."

Akalifunga lile ua vizuri kwenye jani lake lisidondoshe kitu sakafuni mwetu, akaondoka nalo. Hakutaka kuliacha hata ofisini. Ametuheshimu kuliko tulivyomheshimu.

Bwana Severini alipotoka alisema, "Wanawake wa huko wana maneno."

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Najichukia kwa ile ndiyo.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Mabati ya ofisi yanapiga kelele hata taipureta haisikiki. Wenzangu wamefurahi, wanasema mihogo itanenepa. Mimi nimekaa nikiwaza maji yanavyoshuka Chinongwe, yanapita kwenye mstari, yanaingia kwa Mzee Harithi.

Jumatano, 24 Machi

Simu ya upepo. Mgeni haji tena tarehe 26. Baada ya Pasaka.

Mchana tumekwenda Chinongwe kupima. Maua ya chini yamekauka, yamekuwa vijumba vidogo vya kahawia. Nikakibonyeza kimoja. Kikapasuka, kikaacha vumbi jeusi kwenye kidole changu, mfano wa ugoro. Nilisimama na kidole hewani sijui nikipangusie wapi. Nguoni? Ardhini? Mwishowe nikakitemea mate na kukifuta kwenye leso, leso nikaitia mfukoni. Lukumani aliniona, akasema, "Dada, leso moja itaokoa Ruangwa nzima?"

Mzee Harithi alitusubiri mpakani. Maji ya juzi yalikuwa yamechimba kijifereji kutoka mstarini hadi katikati ya mtama wake, na mchanga umelala juu kama mkeka uliotandikwa.

"Bwana mradi," akasema, "hapa mimi sina kiduha. Baba yangu hakuwa nacho hapa. Mwakani nikikiona, nije kudai kwa nani?"

"Mzee, tutakuwekea na wewe shamba darasa," akasema Bwana Severini.

"Aka! Yaani unanipa ugonjwa halafu unanifungulia zahanati?"

Bwana Severini akacheka, akampiga begani kirafiki. Mzee Harithi hakucheka. Bega lenyewe alilivuta nyuma.

Njiani Bwana Severini akatueleza kwamba katika utafiti lazima wachache waumie ili wengi wafaidike. Alisema "wachache" kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhesabiwa humo.

Mwezi wa pili nilimwona mwalimu. Alipokuwa akisema leo, nilimwona ni mtu aliyejifunza kusema.

Jumatatu, 29 Machi

Jana ilikuwa Idi. Leo habari imekuja kwa mtendaji wa kata: mama mzazi wa Mama Hafidha amefariki usiku wa Idi, wamemzika jana.

Bwana Severini akatoa bahasha ya rambirambi ya ofisi, akanikabidhi.

"Wewe ni mwanamke, utakaa nao vizuri. Na ukiwa huko, uwakumbushe kuhusu mstari. Kwenye misiba watu huingia mashambani ovyo."

"Niwakumbushe msibani, bwana?"

"Kwa hekima, Tabitha. Si umesoma?"

Jumatano, 31 Machi

Naandika haya nikiwa na vidole vinavyonuka dizeli. Sijamwambia mtu yeyote, wala sijui nitaanzia wapi.

Tulifika Chinongwe asubuhi, mimi na Lukumani. Nilivua viatu, nikaketi mkekani na wanawake, nikampa Mama Hafidha mkono na bahasha. Alikuwa amejifunika kanga mpaka usoni. Alinishika mkono muda mrefu.

Punde wanawake wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakajifunga viuno. Nikamwuliza bibi aliyekaa karibu nami, Bibi Ashura, wanakwenda wapi.

"Shambani kwa mfiwa," akasema. "Mfiwa hashiki jembe mpaka hitima. Sasa magugu yamngoje? Tunamlimia sisi. Kwetu ndivyo."

Nikajikokota nyuma yao. Wote walikuwa na majembe, na wengine walibeba viroba vitupu. Walipofika shambani walijipanga, wakaanza kutoka upande wa juu, kunde wanazikwepa, wanaimba kwa Kimwera kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba. Walikuwa wanausogelea mstari.

Nikaenda mbele, nikasimama karibu na kibao changu.

"Mama zangu, poleni na msiba. Mratibu anawaomba… anaomba hiki kipande kisiguswe. Mpaka mgeni afike."

Majembe yakashushwa.

Bibi Ashura akaja mbele akiegemea jembe lake. Ni mzee, meno machache, macho makali.

"Mwanangu, mama yako yupo?"

"Yupo, bibi. Masasi."

"Mungu amweke. Siku akiondoka, tuje kukulimia, tukuachie kipande?"

Hakungoja nijibu, akaendelea:

"Shamba la mfiwa haliachwi kipande. Ukiacha kipande unaita jeneza la pili. Sasa mratibu wako anataka tumwitie Hafidha jeneza la nani? La mtoto?"

"Sijasema hivyo, bibi."

"Najua hujasema. Umetumwa." Akakigeukia kibao, akakisogelea. "Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Mwandiko mzuri," akasema, akawatazama wenzake. "Kweli kasoma."

Wakacheka. Msibani, wakacheka, wakiziba midomo na kanga. Nami, sijui kwa nini, machozi yalinitoka. Hayakuwa ya huzuni. Nilikuwa na hasira na yale maneno yaliyotoka kinywani mwangu, hasira na viatu vyeusi chini ya mlango, hasira na mvua, na yule mgeni ambaye hajawahi kuniona na bado nimesimama hapa kumlindia maua.

Ilikuwa rahisi kuondoka. Ningeweza kusema niliwakataza wakakataa, na ingekuwa kweli. Hapo ndipo palikuwa na usalama wangu, na nilipaona.

Bibi Ashura akanyoosha kiroba. "Utasimama hapo kama kibao cha pili, au utashika?"

Nikashika.

Hawakutumia jembe kwenye mstari. Walikumbuka kila kitu tulichowafundisha, na zaidi ya tulivyokumbuka sisi. Unashika shina chini kabisa, unavuta taratibu, unakiinamisha kiduha ndani ya kiroba kichwa chini, ndipo unakitikisa humo humo. Hakuna aliyetupa hata kimoja njiani. Mzee Harithi na wanaume wawili walikuja wakafagia udongo wa juu kwenye kile kijifereji, nao wakautia kirobani, ingawa alisema mwenyewe kwamba ni kuchota bahari kwa kijiko. Nilifanya kazi mpaka mgongo ukawaka. Mtama wa mstarini ulikuwa na masuke matupu, mepesi.

Majani yalikuwa mabichi, moto ulikataa. Lukumani, ambaye siku zote hulia juu ya dizeli kama ya baba yake, alifyonza kutoka kwenye tangi la pikapu bila kuombwa, akaja na kopo.

"Mafuta ya mradi kwa kazi ya mradi," akasema, akatema.

Ikawaka. Moshi mzito, mchungu. Tulisimama pembeni mpaka yakabaki majivu.

Tuliporudi nyumbani kwa mfiwa kula, nilikiona kibao changu. Mtu alikuwa amekileta na kukitumia kufunikia sufuria ya wali. USIGUSE, juu ya wali. Mama Hafidha alikiinua kwa mikono yake, akanipakulia, akasema neno moja tu: "Ahsante."

Alhamisi, 1 Aprili

Bwana Severini ameuliza msiba ulikwendaje. Nimesema rambirambi imefika na ujumbe nimeufikisha. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 7 Aprili

Mgeni anakuja tarehe 15. Kwa ndege ndogo, atatua hapa hapa Nachingwea. Kumbe ndege ilikuwapo siku zote. Maua yalichanua, mbegu zikakomaa, mvua ikazibeba, na ndege ilikuwapo.

Jumatatu, 12 Aprili

Nilisimama mlangoni kwake mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye chochote, na bado nilirudi.

Alhamisi, 15 Aprili

Mgeni ni mama mwembamba mwenye kofia ya ukindu na kikohozi. Garini Bwana Severini alimweleza juu ya mstari kwa Kiingereza kizuri, jinsi atakavyoona jeshi la maua mekundu. Halafu akanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Ukitafsiri, fupisha. Hawa wanaongea sana. Toa maana tu, ile nzuri."



Tulipofika, wanakijiji walikuwa wamejipanga. Shamba lilikuwa safi mwanzo mwisho. Mahali pa mstari palikuwa na mtama dhaifu, udongo uliopaliliwa, na duara la majivu.

Uso wa Bwana Severini ulipauka. Alinitazama. Nikatazama chini. Kisha, na hapa ndipo nilipojua kwa nini yeye ni mratibu na mimi ni karani, akacheka kwa furaha, akamwambia mgeni: "Hili ni jambo la ajabu! Wakulima wameipokea elimu yetu kiasi cha kupalilia hata mstari wa kulinganisha!"

Mgeni akapiga makofi. Akaandika. Bwana Severini akamshika Mama Hafidha begani wapigwe picha.

Yangeishia hapo. Wangekula pilau na kuondoka, naye Bwana Severini angebeba sifa hata ya kile alichokuwa amekikataza. Lakini mgeni akauliza kama mwenye shamba ana la kusema.

Mama Hafidha alisonga mbele. Nguo zake bado zilikuwa za msiba.

"Mwanangu, niambie kwanza. Utayapeleka yote, au utachagua?"

Watu wote walinitazama. Bwana Severini alitabasamu, taya limekaza. Nilisikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto.

"Yote, mama."

"Haya. Mwambie hatukung'oa kwa sababu tumeipokea elimu. Elimu tuliipokea Februari. Tukakatazwa kuitumia."

Nikatafsiri. Kalamu ya mgeni ikasimama.

"Mwambie tuliambiwa tungoje macho yake. Tukangoja. Kiduha hakikungoja. Kilichanua, kikamwaga, mvua ikakibeba hadi kwa jirani yangu. Mwambie kama si kifo cha mama yangu, kingekuwapo hadi leo. Mama yangu amepalilia shamba lake mwenyewe akiwa kaburini."

Nikayapeleka yote, neno kwa neno.

"Inatosha, Tabitha," Bwana Severini akasema kwa Kiswahili, polepole.

"Anasema nini?" mgeni akauliza.

"Anasema inatosha," nikamjibu. Hilo nalo nikalitafsiri.

"Endelea," mgeni akasema.

Mzee Harithi alikuwa amekwisha jitokeza mbele. "Mie langu fupi. Sikatai utafiti. Mwakani mstari uwepo. Lakini bwana mradi ana shamba lake Nambambo, tunasikia udongo ni mtamu. Mstari ukae huko, pale juu, uchanue vizuri mpaka mgeni afike. Hata kama atachelewa. Sisi tutakwenda na majembe siku atakayofiwa."

Wakaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele. Nikatafsiri lile la Nambambo, nikatafsiri na la majembe. Nikamweleza mgeni kwa nini wanacheka, kwa sababu kicheko nacho kilikuwa sehemu ya maneno.

Mgeni hakucheka. Akaniuliza nani aliwaruhusu wang'oe.

"Hakuna aliyewaruhusu," nikasema. "Mimi nilitumwa kuwazuia. Nikashika kiroba."

Kurudi Nachingwea, Lukumani aliimba kwa pua njia nzima.

Ijumaa, 30 Aprili

Leo mkataba wangu umeisha. Bwana Severini aliniita ndani, akafunga mlango vizuri.

"Sina ubaya na wewe, Tabitha. Lakini mkalimani asiyejua kufupisha ni hatari kazini."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Nimesikia, bwana." Hasira haijaniondolea woga. Naona vitaishi pamoja tu.

Lukumani ameniambia habari nyingine kizingitini. Awamu ya pili imepita. Mgeni ameandika kwamba kuanzia sasa mistari ya kulinganisha iwekwe kwenye ardhi ya mradi, siyo mashambani kwa watu. Bwana Severini amelitangaza kwenye kikao kama wazo lake, na amepigiwa makofi.

Kuhusu shamba la Mzee Harithi hakuna aliyeandika kitu.

Jumamosi, 22 Mei

Nimekwenda Chinongwe kuaga kabla ya kurudi Masasi. Wanavuna mtama. Mama Hafidha alikuwa juu ya dungu akifukuza ndege, akashuka kunipokea. Kwenye ule mstari hakuna suke lililostahili kukatwa. Mabua wamewaachia mbuzi.

Mzee Harithi akanichukua hadi shambani kwake. Amechomeka vijiti pande zote mbili za kile kijifereji, kutoka mpakani hadi mkondoni. Anasema mwakani hapo hapandi mtama, anapanda ufuta, na ataupanda mpaka achoke yeye au zichoke mbegu.

"Karani, una kazi?"

"Sina, mzee."

"Basi nina moja."

Akatoa ubao. Ulikuwa kibao changu, kina alama nyeusi ya sufuria katikati ya USIGUSE. Akakigeuza upande wa pili, mtupu, akanipa kopo la rangi na manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye kijiti.

"Niandikie. Gari la mradi linapita hapa kila wiki, nataka lisome."

"Niandike nini?"

Akaniambia. Nikamwuliza kama haogopi mtendaji. Akasema anaogopa, ndiyo maana anataka mwandiko mzuri, ili wakija kumkamata wasiseme hawakuelewa.

Nikapiga magoti. Nimeandika polepole, herufi zote wima kama zile za Januari:

KUTOKA HAPA HADI MKONDONI KIDUHA KIMELETWA NA MRADI.

Mzee Harithi, ambaye hajui kusoma, alikitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza jina langu liko wapi.

"La nini, mzee?"

"Kile cha kwanza walijua nani kaandika."

Nikachovya tena yale manyoya, nikaliandika chini.